Mwaka wa Maji ya Magadi

Mkobani mwangu hamkosekani pipi. Watoto wa majirani wanaamini nawawekea wao, na kweli nyingi huishia kwao, lakini pipi zile ni dawa yangu mimi, dawa ya mdomo. Nilipangiwa na mama aliyekuwa msimamizi wangu pale Ifakara nilipokuwa muuguzi wa miaka ishirini na saba, nami sijaiacha mpaka leo ninapokaribia arobaini. Wiki iliyopita nilinyonya moja huko Kisawasawa, jikoni kwa marehemu Mama Skola, nilikokwenda kwenye arobaini yake. Tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia wote, chumba kwa chumba, chakula kwa chakula. Nauandika kwa furaha zaidi kuliko huzuni, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya msiba.

Kliniki yetu ya wagonjwa wa moyo ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa korido, chenye meza mbili, benchi refu na feni iliyogoma kugeuka, kwa hiyo waliokaa kushoto walipoa na wa kulia walijipepea kwa kadi zao za kliniki. Mwanzoni mwa mwaka tuliambiwa tutaanza kutoa ushauri wa kutia moyo. Jina lilituchekesha sana. Kuwatia moyo watu wa moyo! Mama Gaudensia, muuguzi aliyetusimamia, hakucheka. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, ukitaka kumsikia lazima usogee, na alitueleza kwamba mtu ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu anakaa na sisi saa moja kwa mwezi, siku zote zilizobaki anakaa na jiko lake. Yeye ndiye wa kumeza vidonge kila siku, hata vile vinavyompeleka msalani asubuhi nzima. Ndiye wa kupunguza chumvi, na wa kujipima uzito kila kunapokucha ili ajue kama maji yameanza kujaa mwilini. Na nyuma yake yupo anayempikia, ambaye sisi hatujawahi kumuuliza chochote. "Hawa mmewahubiria miaka yote," alisema. "Sasa waulizeni, halafu mnyamaze."

Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja akijifanya mgonjwa na mwingine mshauri, na kabla mwenzangu hajamaliza kusema anavyolala ameketi nilikuwa nimeshampa maagizo manne na onyo moja. Nilikuwa na mdomo, sina haja ya kuficha. Niliamini kwamba mgonjwa asiyefuata maagizo ni mkaidi au mwongo, na kwamba kazi yangu ni kumbana mpaka akiri. Mama Gaudensia alinitazama, akafungua droo, akatoa pipi ya kijani. "Beata, weka hii mdomoni. Mpaka iishe, usimpe mtu ushauri. Na ukiitafuna nitasikia." Wenzangu walicheka hadi machozi. Siku hiyohiyo alitufundisha swali moja ambalo niliona ni la kitoto: mwulize mtu, kutoka sifuri hadi kumi, anajiona anaweza kiasi gani. Akisema nne, usimwulize kwa nini isiwe kumi, maana ataanza kujitetea. Mwulize kwa nini isiwe sifuri. Hapo atakuonyesha nguvu aliyonayo, na mara nyingi ataishangaa yeye mwenyewe. Niliandika vizuri kabisa kwenye daftari langu, nikaendelea kuwa vilevile.

Mzee Kasiani aliletwa mvua za masika zilipoanza kupamba moto, miguu imevimba hadi magotini, pumzi ikikatika kila baada ya maneno matatu. Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Kisawasawa, mtu wa miaka hamsini na nane, na mkewe Mama Skola alikuwa amembebea mto wake wa nyumbani kwa sababu hakutaka alalie wa watu. Baada ya siku chache za dawa maji yalitoka, akapata pumzi, na pumzi ilipotosha akaanza utani. "Sista, daktari amesema moyo wangu umeshindwa," aliniambia. "Sasa mimi nauliza, umeshindwa na nani?" Leo swali kama hilo ningelikalia chini nusu saa, maana ndani yake mlikuwa na hofu yote ya mtu yule. Siku ile nilimjibu kwa mhadhara juu ya chumvi. Mama Skola alisikiliza wima, mikono imefumbatwa, akiitikia kwa kichwa kila neno. Akasema chumvi haitaingia tena nyumbani kwake, na akamwita Bikira Maria awe shahidi.

Mwezi uliofuata mzee alirudi amevimba. Tukamtoa maji, akaenda, akarudi tena amevimba. Daktari alinieleza pembeni, bila kuzunguka, kwamba kila akijaa hivi moyo unabaki dhaifu kuliko ulivyokuwa, na kwamba safari hizi hazitakuwa nyingi. Mimi nikajua adui ni nani. Nilimkalisha Mama Skola kwenye lile benchi, watu wamejaa, nikamuuliza kuhusu chumvi. Akasema hawaweki. Samaki wa chumvi? Wameacha. Mzee anaonja kwa jirani? Hapana. Nikamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka upande wa feni, "Mama, unanidanganya, na anayeumia ni mumeo." Mama Skola alikunja kanga yake, akachukua kikapu, akatoka bila hata kusema kwaheri, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nimefanya kazi.

Kliniki iliyofuata Mzee Kasiani alikuja peke yake, akisimama kila baada ya nguzo mbili za korido. Nilimuuliza mama yuko wapi. "Amekataa kuja," alisema. "Anasema hajazoea kuitwa mwongo na mtoto wa kumzaa yeye." Hakulisema kwa hasira. Alilisema akitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevivaa kwa kukanyaga visigino kwa sababu miguu haikuingia. Mama Gaudensia alikuwa meza ya pili na alisikia yote. Alisubiri mzee alazwe, ndipo akaniita. Nilitegemea anikaripie, na ningependelea hivyo. Alinipa pipi mbili na kuniambia kesho niende Kisawasawa. "Ukaombe radhi. Halafu usitafute kosa liko wapi. Mwombe akuonyeshe anavyopika, basi."

Barabara wakati ule ilikuwa bado ya vumbi, na mvua za mwisho za masika zilikuwa zimeigeuza uji, kwa hiyo nilifika nimechafuka hadi kiunoni, na nadhani tope lile ndilo lililonisaidia. Mama Skola alinifungulia mlango akanitazama kutoka chini kwenda juu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kavu. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea mbele za watu." Akasema, "Nawa miguu kwanza." Jiko lao lilikuwa banda la matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, limepakwa majivu, safi kuliko kliniki yetu. Mlikuwa na mafiga matatu, kigoda kimoja cha mwenyeji na ndoo iliyogeuzwa ya mgeni, na ukutani misumari iliyoning'iniza vipawa vya kuchotea mboga kwa kufuata ukubwa. Nikaketi juu ya ndoo. Nikamwambia nimetumwa nijifunze anavyopika. Nikatia pipi mdomoni.

Alipika mlenda. Alichambua majani akinieleza, mwanzoni kwa mkato, baadaye kwa raha, kwa sababu hakuna mpishi hodari asiyefurahia kutazamwa. Mzee anapenda mlenda wenye bamia kidogo, alisema, hapendi nyanya nyingi, na ugali wake uwe mlaini. Akachukua chupa ya plastiki iliyokuwa kando ya figa, akamimina maji yake chunguni. Majani yaligeuka kijani kibichi na kuanza kuvutika. Halafu akamimina tena. "Zamani nilikuwa naweka kidogo," alisema, "lakini tangu mlipokataza chumvi chakula kimepooza, mwenzangu anakula vijiko viwili anaacha. Basi nimeongeza magadi, angalau apate ladha. Kwenye maharage naweka, kwenye kisamvu naweka. Sasa anamaliza sahani."

Nilikaribia kuimeza ile pipi. Maji ya magadi! Ni yaleyale mama yangu aliyowekea maharage yangu ya utotoni, yaleyale niliyokuwa nayo mimi mwenyewe kwenye chumba changu cha kupanga pale Ifakara, ndani ya chupa ya aina ileile. Huku kwetu chumvi ni chumvi, na magadi ni kitu cha kulainishia mboga. Ukimuuliza mtu kama anatumia chumvi atakwambia ukweli mtupu. Kumbe kile kinachovuta maji mwilini kimo ndani ya chumvi na kimo ndani ya magadi, na mimi niliyesoma hayo chuoni na kuyafaulu sikuwahi kuyaleta jikoni. Mama Skola hakuwa amenidanganya hata mara moja. Alikuwa amenitii, na kwa utii ule alikuwa akimjaza mumewe maji kila mlo. Pipi ilikuwa nusu. Nikaingoja iishe, na sijawahi kungoja kitu kirefu namna ile.

Ilipoisha nikamwambia, polepole, na nikaanza na mimi. Nikasema hata kwangu ninayo chupa hii, na sikujua, au nilijua na sikufikiri. Aliweka kipawa chini. Alitazama chungu, akatazama chupa. "Kwa hiyo ni mimi ninayemuua," alisema. Nikamwambia hapana, kosa ni la swali langu, nilikuuliza neno moja wakati vitu ni viwili. Nilisema mengine mengi pia, maana pipi ilikuwa imekwisha, na hakuna lililomfikia. Alimwaga mlenda wote nyuma ya banda, akaosha chungu, akakifunika.

Mzee Kasiani alitolewa maji, akarudi nyumbani mwepesi, na kwa mara ya kwanza miguu yake haikuvimba wiki tatu mfululizo. Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Skola, binti yao, alikuja kliniki kuniambia kwamba mama hapiki tena. Jiko amemwachia mke wa jirani, ambaye anapika chakula cha hospitali kweli, ugali na mchicha wa kuchemsha, na baba anasukuma sahani. Amepungua mpaka mkanda umefika tundu la mwisho. Mama mwenyewe anashinda ameketi barazani, akimtazama baba akiwa hai kana kwamba ameshazikwa. "Sista, baba hatakufa kwa maji," Skola alisema. "Atakufa kwa njaa, na mama atakufa kwa kumwangalia." Nilirudi Kisawasawa Jumamosi ile, bila kutumwa.

Tulikaa sebuleni, mimi na Mama Skola, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, na chumba cha pili Mzee Kasiani alikuwa amelala, au tulidhani amelala. Nilimweleza Mama Skola kuhusu kupika bila chumvi na bila magadi. Kisha nikamuuliza lile swali la kitoto: "Mama, kutoka sifuri hadi kumi, unajiona unaweza kiasi gani kumpikia tena?" Alifikiri muda mrefu. "Mbili," akasema. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumwambia hapana mama, wewe unaweza, jipe moyo. Nikaisogeza pipi shavu la pili. "Kwa nini isiwe sifuri?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Hakusema. Nje kuku walichakura, mashine ya mpunga ikaguguma kwa mbali, na mimi nikakaa ndani ya ukimya ule nikihesabu vitambaa. Mwishowe akasema, taratibu, "Kwa sababu huyu mke wa jirani hajui. Mwenzangu akikosa chumvi anataka uchachu. Kule Mahenge tulipooana, chumvi ilikuwa ikiadimika, nikamwekea ndimu. Alikula. Ndimu na karanga za kutwanga." Akatazama upande wa jikoni. "Nilikuwa nimesahau." Kutoka chumba cha pili sauti ikasema, "Mimi sikusahau, ila hakuna aliyeniuliza. Na nina njaa." Tulicheka, Mama Skola akicheka na kulia pamoja, akafuta uso kwa upindo wa kanga na kwenda jikoni. Nililishwa mlenda wa ndimu siku hiyo, mgumu kidogo, usiovutika sawasawa, na nilirudia mara mbili.

Kuanzia hapo mwaka ule ulikuwa mzuri. Nyumbani hawakuwa na mizani, lakini kwenye mashine ya mpunga kulikuwa na ile ya chuma ya kupimia magunia. Kila asubuhi, kabla wakulima hawajafika, Mzee Kasiani alipanda juu yake akiwa na kaptula tu, na Mama Skola akasoma. Wenye magunia waliowahi walimtania kwamba gunia hili halijajaa vizuri, lipunguzwe bei. Mama Skola aliandika kwenye daftari la shule. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu walikuja kliniki bila kungoja miguu, na walikuja wote wawili, yeye akibeba daftari chini ya kwapa kama katibu wa kijiji. Mara moja nilimsikia akimwelekeza mgeni kwenye benchi: "Huyu Sista mwenye pipi usimwogope. Ukimwona anainyonya, ujue anakusikiliza." Mwishoni mwa mavuno mzee alirudi kusimamia mashine, ameketi kwenye kiti, akiwaelekeza vijana kwa kusikiliza tu mngurumo wake.

Mwaka ulipokuwa unaisha walinikaribisha wali wa mavuno ya mwaka ule. Baada ya kula Mama Skola alileta daftari jipya na rula. Akapiga mstari wima, akaanza kuandika tarehe upande wa kushoto, ukurasa baada ya ukurasa, tangu Januari ya mwaka unaokuja. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, wa mtu aliyeishia darasa la saba na kuupenda sana ubao. Nilidhani ataandika mwezi mmoja. Akaendelea. Alipofika Juni nilitamani kumwambia, mama, moyo kama ule haupangiwi mbali hivyo. Nilikuwa namjua mgonjwa na nilikuwa nayajua mafaili. Sikuwa na pipi, nikanyamaza vivyo hivyo. Aliandika mpaka tarehe thelathini na moja Desemba, akapuliza wino, akafunga daftari. "Tayari," alimwambia mumewe. "Kazi unayo."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Njombe. Tulipigiana simu Pasaka na Krismasi, miaka kumi, na kila mara aliyekuwa mzima ni Mama Skola na aliyeulizwa hali ni mzee. Hatukuwaza kinyume chake. Mama Skola aliumwa siku tano tu, na mimi nilikuwa safarini, sikuwahi mazishi. Nilipofika kwenye arobaini barabara imekuwa ya lami na nilishuka safi, bila hata chembe ya tope, nikajisikia mgeni. Sala zilisaliwa, watu wakala, wakatawanyika. Siku ya pili yake asubuhi nilimkuta Mzee Kasiani jikoni, ameketi kwenye kigoda cha mkewe. Nilimpa shikamoo na kukaa juu ya ndoo. Alikuwa amekonda, kichwa cheupe, lakini macho yangu yalitazama kwanza miguu, mazoea ya kazi, na miguu ilikuwa myembamba. Nikataka kumwambia baba usiache dawa, baba ule, baba watoto wanakutegemea. Nikatia pipi mdomoni.

"Baba," nilimuuliza, "kutoka sifuri hadi kumi, una nguvu kiasi gani ya kuendelea?" Alitabasamu kwa pembe ya mdomo; alilijua swali. "Mbili," akasema. Nikamuuliza kwa nini isiwe sifuri. Aliinuka, akatungua daftari lililoning'inia kwenye msumari pembeni ya vipawa, akanipa. Nililifungua. Upande wa kushoto tarehe zote za mwaka huu zilikuwa za mwandiko ule wa duara. Upande wa kulia uzito ulikuwa wa mwandiko huohuo mpaka siku Mama Skola alipougua. Kuanzia hapo namba zilikuwa kubwa, zimepinda, za mkono uliozoea spana. Hakuna siku iliyorukwa. Siku ya mazishi ilikuwa na namba yake. Jana ilikuwa na namba yake, na chini yake tarehe zikaendelea peke yake, zimepangwa wima, zikisubiri.

"Ameshaziandika mpaka Desemba," Mzee Kasiani alisema. "Sasa nitaziachaje wazi?" Akachukua daftari, akalibana chini ya kwapa, na kuniomba nimsindikize mashineni, kwa sababu Skola hajaamka na yeye bila miwani haoni mshale wa mizani. Nilimsomea. Akaandika.